Mheshimiwa Waziri wa Afya, hii chanjo ya homa mlituonjesha ya nini?

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Nakuru, huku Kaptembwa. Najua unaandikiwa barua nyingi na pengine hii itasomwa na msaidizi wa msaidizi wako, lakini nimekaa na hii maneno wiki tatu na sioni nikilala vizuri kabla niitoe, kwa hivyo wacha niandike tu venye inakuja.

Nina watoto wawili. Mkubwa alizaliwa 2019, sai ako gredi ya kwanza, mdogo ana miezi 10. Wiki tatu zimepita tangu mkubwa atoke shule na homa. Na hapo kwa neno homa lazima nisimame kidogo manake nadhani nusu ya shida yetu inaanzia hapo. Sisi huku bara mtu akipiga chafya mara mbili tunasema ako na homa, mtu wa Mombasa naye akisema homa anamaanisha mwili moto, inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa chochote. Sasa daktari akikwambia kuna chanjo ya homa si unacheka, kwani homa nayo inachanjwa? Homa ni ya tangawizi na limau, unajifunika blanketi unalala. Kumbe wao wanaongea influenza, kirusi chenye jina lake na aina zake, A na B, sio haya mafua ya kawaida yenye yanapita yakikuachia tu pua nyekundu. Hakuna mtu aliwahi kunieleza hiyo tofauti mpaka nikiwa wodini, na mimi nimemaliza fomu four.

Darasani kwa mkubwa Jumatatu walikosa watoto 9, Jumatano wakawa 17, mwalimu akatuma mesej ati wenye wanakohoa wabaki nyumbani. Wangu alilala siku nne mwili unachemka, analia macho yanauma na miguu inauma, halafu siku ya tano akaamka akaitisha chapati. Wa umri wake wengi hupona hivyo, hilo sikatai. Lakini mtoto wa shule haugui peke yake, analetea wenye wako nyumbani.

Mdogo alianza Ijumaa. Mchana alikuwa anakohoa tu, jioni akakataa kunyonya, saa nne usiku nikaona pua zinapanuka kila akivuta hewa na kifua kinafanya kitu sikukielewa, nikajiambia ni vile amekonda juu ya kutokula. Nilimpaka Vicks mgongoni. Naandika hii na aibu lakini ndio ukweli, nilimpaka Vicks nikamfunika na shali mbili (baadaye nikaambiwa hata hiyo Vicks ya kawaida haifai mtoto hajafika miaka 2). Saa tisa usiku baba yake akaita boda.

Hospitalini nesi alimfungua nguo, akaweka simu yake kwa kitanda ikihesabu sekunde, akatazama tumbo la mtoto dakika nzima bila kusema neno. 58. Akaniambia mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha 50 kwa dakika hiyo ni pumzi ya mbio, na akashika kidole changu akakiweka hapo chini ya mbavu nisikie venye nyama inaingia ndani akivuta hewa. Ile kitu niliita kukonda. Tukalazwa siku tatu na mrija wa oksijeni puani, wodi imejaa, kitanda kimoja watoto wawili, na mama wa kitanda cha pili alikuwa ametoka kununua antibayotiki kwa kemisti mara mbili wiki hiyo kabla aje, pesa imeenda na kirusi hakijui antibayotiki ni nini.

Siku ya kutoka daktari akaniambia, huyu akipona kabisa mletee chanjo ya influenza, na mkubwa pia, kila mwaka. Nikamwambia daktari, huyu mkubwa alichanjwa hiyo akiwa mdogo. Akaniangalia kama mtu anadanganya.

Sikuwa nadanganya, Mheshimiwa, na wewe una rekodi. Mwisho wa 2019 Nakuru na Mombasa zilichaguliwa kwa mradi wa kujaribu hiyo chanjo kwa kliniki za kawaida, watoto wa miezi 6 hadi 23, bure. Nilienda kumpima kilo tu, nesi akanieleza iko ya influenza, sindano mbili wiki nne katikati juu ni mara yake ya kwanza, nikasema sawa, mtoto akalia dakika mbili, usiku akawa na joto kidogo, basi. Sikufikiria hata. Kwani mtu hufikiria sana ya polio ama ya surua? Iko kwa kliniki, nesi amesema, foleni inasonga. Hivyo ndivyo sisi wazazi wengi huamua, Mheshimiwa, hatuketi na karatasi tukipiga hesabu ya faida na hasara, tunaangalia kama nesi ana imani nayo na kama iko.

Halafu corona ikaingia, 2021 mradi ukaisha, na mimi sikuwahi kusikia mtu akituambia sisi wenye watoto wetu ndio walidungwa kwamba ilifanya nini. Ilisaidia? Haikusaidia? Ilikuwa ghali? Mlitoa hesabu za gharama mkazisoma huko kwenu, lakini kwa kliniki yetu sikuona hata karatasi moja ukutani. Na nimekuja kujua kamati ya wataalam wenye wanashauri serikali mambo ya chanjo, KENITAG, ilishasema tangu 2016 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo ya influenza. 2016! Huo ushauri una miaka mingi kushinda kifungua mimba wangu. Fungua leo kile kitabu cha mama na mtoto, utapata BCG, polio, pentavalenti, nimonia, rota, surua na rubella, utafute mstari wa influenza mpaka macho yachoke.

Nilirudi kliniki ile ile. Haiko mama, hiyo ni ya hospitali za kulipa. Nikaenda ya kulipa, elfu mbili mia mbili sindano moja, mdogo anataka mbili, mkubwa naye nikaulizwa kama nina hakika alimaliza zote mbili wakati ule, kama sina anarudia mbili. Piga hesabu. Baba yao anaendesha tuktuk ya mtu. Na sio ati unalipa mara moja umalize, hii chanjo ni ya kila mwaka manake kirusi kinajibadilisha, wataalam wa Shirika la Afya Duniani wanakaa mara mbili kwa mwaka kuchagua mchanganyiko mpya, Februari wa nchi za kaskazini, Septemba wa kusini. Sasa sisi? Ukitoka hapa ukaenda Mogotio unapiga picha na kibao cha ikweta, mguu mmoja kaskazini mguu mmoja kusini. Hatuna baridi ya theluji ya kusema msimu wa influenza ni huu, huku inazunguka mwaka mzima, inapanda inashuka. Nilimuuliza msichana wa mapokezi hii mnauza ni ya kaskazini ama ya kusini na ni ya mwaka gani, akaniambia mama hiyo ni ya imported. Hapo ndio nilitaka mtu wa serikali, Mheshimiwa, mtu aniambie kwa Kenya mwezi mzuri ni upi.

Juu mahali serikali imenyamaza wengine wanaongea. Grupu yetu ya wazazi ilishika moto ile wiki. Mmoja anasema chanjo ndiyo inaleta homa yenyewe. Mwingine anatuma sauti ya mwanaume mwenye hajulikani, ati Wazungu wanajaribia kwetu. Ni watu wale wale na sauti zile zile za Julai 2025 mlipoleta ile kampeni ya typhoid na surua-rubella, tofauti ni kwamba ile ilikuwa na wahudumu wa afya ya jamii wakipita mlango kwa mlango na redio inaongea kila saa, kwa hivyo ukiulizwa una kitu cha kujibu. Sasa hii ya influenza nikijaribu kueleza naulizwa, kama ni ya maana mbona serikali haipeani? Niambie wewe ningejibu nini. Hilo swali ni zuri kushinda klipu zote.

Mama mkwe wangu naye ana yake. Yeye bado anakumbuka 2014 maaskofu wa Katoliki waliposimama wakasema chanjo ya pepopunda ya wamama ina kitu cha kuzuia mimba, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakataa, vikapelekwa vichupa maabara, watu wakajibizana kwa magazeti mpaka wakachoka, na yeye kanisani kwake hakuna mtu alirudi kumwambia iliishia wapi. Sio mjinga, amelea watoto sita na wote wako hai. Nilimwambia mama, kirusi cha hii sindano kimeuliwa, hakiwezi kuamka kikuletee ugonjwa. Akaniuliza, umejuaje? Nikasema daktari. Akasema hata wale wa pepopunda walikuwa madaktari pande zote mbili. Nikanyamaza nikaosha vyombo.

Na mimi mwenyewe sitaki kupigwa kamba ya upande ule mwingine. Nimesoma, najua hii sio kama ya surua yenye ukimaliza umemaliza. Mwaka wenye mchanganyiko umeshikana vizuri na kirusi kinachozunguka inapunguza hatari ya kufika hospitali karibu nusu, kuna miaka inakuwa chini ya hapo, na inachukua kama wiki mbili kuanza kufanya kazi, kwa hivyo kukimbilia sindano wakati darasa nzima linakohoa ni kuchelewa tayari. Chini ya miezi 6 haipewi kabisa, hao kinga yao ni mama achanjwe akiwa na mimba. Jirani yangu ana mimba ya miezi saba, nilipomwambia akasema ya pepopunda tu ndio aliambiwa kliniki.

Najua utaniuliza pesa ziko wapi. Hata mimi nimejiuliza. 2025 hiyo hiyo BCG na polio zilikosekana, wamama wakawa wanazunguka na vichanga wakitafuta, na mtu mwenye akili atasema unaitisha vipi ya influenza na ya kifua kikuu imekosekana? Ni swali la haki. Ukinijibu kwamba tumepima, tumeona pesa iende kwa hizo kwanza, influenza ingojee, nitakasirika siku mbili halafu nitaelewa, na nitajua kama ni kuchanga tuchange wenyewe kwa chama, tuko kumi na nane, tumeshanunua sufuria na viti. Ama sema watoto wenye pumu na ugonjwa wa moyo na wale wa miezi 6 mpaka 23 ndio tutaanza nao. Ama sema ule mradi ulionyesha haifai kwetu na kwa nini. Hata hiyo nitapokea. Kile siwezi ni kuambiwa na daktari wako wodini kwamba ni lazima, na kliniki yako kwamba haiko, na kitabu chako hakisemi kitu, halafu nikiamua vibaya niitwe mzazi mzembe.

Tuliamua hivi, kama unataka kujua. Tuliuza ile meza ya kioo, baba yao akaongeza ya siku tatu za tuktuk, mdogo akadungwa ya kwanza Alhamisi iliyopita. Mkubwa angoje mwisho wa mwezi, na tulibishana sana juu ya hiyo, baba yao alitaka waende pamoja ama wasiende, mimi nikasema huyu wa miezi 10 ndiye alihesabiwa 58. Mama mkwe alikuja na sisi mpaka mlangoni akakaa nje kwa benchi, akanishikilia begi.

Nesi wa pale alitafuta kwa kitabu mahali pa kuandika akakosa, akaandika pembeni mwa ukurasa wa surua kwa kalamu ya bluu, jina la chanjo, tarehe, na tarehe ya kurudi baada ya wiki nne. Halafu nikakumbuka nikaenda kutoa kile cha mkubwa chini ya kitanda, na kweli, hata chake kimeandikwa pembeni hivyo hivyo kwa mkono, mara mbili, 2019 na 2020, wino umeanza kufifia lakini unasomeka. Kwa hivyo alimaliza zote mbili, na nimeokoa elfu mbili mia mbili. Nimezipiga picha kurasa zote mbili, ofisi yako ikizitaka nitazileta mwenyewe.

Mzazi wa watoto wawili,
Kaptembwa, Nakuru