Njia za baiskeli zianzie Changamwe, si Mama Ngina

Mhariri,

Kila panapozuka mazungumzo ya njia za baiskeli Mombasa, macho ya watu huelekea baharini. Hutajwa Mama Ngina, palipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ama vichochoro vya Nyali vyenye kivuli. Sina ugomvi na wanaopanda baiskeli Jumapili kunyosha viungo. Lakini anayehatarisha roho yake kila alfajiri si huyo. Ni bawabu anayetoka Kisauni kwenda kulinda nyumba ya mtu, ni muuza madafu aliyefunga mashada kwenye keria hadi baiskeli yenyewe haionekani, ni kibarua wa Jomvu au Mikindani anayeingia mjini kupitia Changamwe kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ingemmalizia ujira.

Huko Changamwe ndiko ziliko trela za bandarini. Asiyewahi kuendesha baiskeli ubavuni mwa trela yenye kontena la futi 40 hudhani kinachotisha ni mwendo. Mwendo wenyewe mara nyingi ni wa kujikokota. Kinachoua ni kona. Trela ikikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Huingia ndani zaidi na kuifyeka ile nafasi ya pembeni ambayo mwenye baiskeli alijua ni yake. Dereva naye ameketi juu, upande wa kulia, na vioo vyake huenda visimwonyeshe kabisa aliye chini ya mlango wa utingo. Wote wawili wanaweza kuwa waangalifu na bado mtu akafa. Ndiyo maana sina imani kubwa na kampeni za kutuhimiza tuwe makini barabarani. Kona ya namna hiyo dawa yake ni saruji: ukingo unaolilazimisha lori kupinda polepole na kwa upana, na taa inayomruhusu mwenye baiskeli aondoke kwanza kabla ya magari.

Nasema saruji, sisemi rangi. Mstari wa rangi katika mji huu ni steji mpya ya matatu. Tazama Barabara ya Malindi, kuanzia Kongowea kwenda Bamburi, saa moja asubuhi. Pembeni mwa lami palipobaki wazi utakuta matatu zinashusha, tuktuk zinasubiri abiria, bodaboda zinakuja kinyume, na mama wa mahamri ameweka meza yake. (Mama simlaumu, nani alimpa mahali pengine?) Mwenye baiskeli hana budi kutoka na kujitosa kati ya magari, mgongo ukiwa umeelekea kwa yanayomfuata.

Tukilalamika tunaambiwa nafasi hakuna, kisiwa ni kidogo. Kweli, ni kama kilomita mraba 14 tu, na sehemu kubwa ni tambarare. Ukiondoa jua la saa saba, sijui mji gani Kenya unaofaa baiskeli kuliko huu. Nafasi ipo, ila imelaliwa na magari. Njia ya baiskeli inataka mita moja na nusu, mbili ikiwezekana. Safu moja ya magari yaliyoegeshwa hula mita hizo zote. Upande mmoja tu wa maegesho katika Barabara ya Moi au ya Digo ungetosha. Najua kaunti hutoza ada ya maegesho, kwa hivyo sitarajii kupigiwa makofi.

Lipo pia suala la mwendo. Mijini sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa, na nani anaifuata usiku? Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka 30 mahali magari yanapochanganyika na waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Gari likitoka 30 likafika 60, nguvu ya kishindo chake huwa mara nne, si mara mbili.

Nasi wenye baiskeli tusijifanye malaika. Wapo wanaoendesha usiku bila taa, na wapo wanaokwenda kinyume cha magari ati wayaone yanayokuja.

Barabara ya Malindi na ile ya Changamwe ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Barabara za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ni jukumu la serikali ya kaunti. Anayetoka Jomvu hadi Mwembe Tayari hupita za pande zote mbili asijue mpaka uko wapi, na njia yake ikikatika hapo katikati, kila upande utasema si wake. Basi wakae pamoja wachore ramani moja ya safari hiyo, Makupa ikiwemo, inayoonyesha baiskeli inapita wapi kila hatua. Ibandikwe hadharani kabla ya kandarasi nyingine ya lami kutiwa saini, na tuulizwe sisi tunaopita hapo.

Mpanda baiskeli,
Kisauni, Mombasa