Sponji si mmea, wala si wa kujazwa gunia

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi pasi na kuandika hata mstari, lakini makala ya wiki jana kuhusu utajiri uliolala kwenye miamba ya Malindi imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako alimwita sponji mmea, kisha akawahimiza vijana wangoje bamvua, maji yanapokupwa mno, wawang'oe sponji, wawaanike na kuwauzia watalii wawatumie kuogea.

Sponji ni mnyama. Hana ubongo, hana neva, hana tumbo, lakini haoti majani wala hazai maua. Labda mwandishi aliwaza dodoki, ambalo kweli ni tunda la mmea unaotambaa. Sponji hula kwa kusukuma maji. Huyavuta kupitia vitundu vidogo mno vilivyoenea ubavuni, yakapita kwenye vijumba vyenye seli ambazo kila moja ina mjeledi wake, yaani kijiuzi kinachopigapiga kusukuma maji; seli hizo hunasa bakteria na chembe nyingine, na maji yaliyochujwa hutokea tundu kubwa la juu. Sponji aina ya Leuconia, urefu sentimita 10 na unene sentimita 1, hupitisha lita 22.5 kwa siku. Mwaka 1907 mwanabiolojia Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sponji kwenye kitambaa laini hadi akabaki seli zilizotawanyika, na seli zile zikajikusanya na kuunda sponji upya. Hapa ndipo watu wanapopotea: wakisikia hafi kwa kukatwakatwa, hudhani hafi kwa lolote.

Hufa kwa hewa. Ukimwinua juu ya maji, mifereji yake humwagika na hewa ikachukua nafasi. Hata ukimrudisha papo hapo, mapovu hubaki yamenaswa ndani, maji hayapiti, sehemu ile huoza na uozo ukasambaa. Kwa siku kadhaa utamwona kama mzima, ndiyo maana waongoza watalii wanaomtoa apigwe picha kisha wakamrudisha "taratibu" hujiona wastaarabu. Wapo sponji wachache wanaostahimili maji yakipwa, ila hao hujificha chini ya mawe, penye kivuli na unyevu. Sasa Jumamosi iliyopita, kusini mwa mji, vijana wawili walikuwa wakiburuta gunia la nailoni limejaa sponji, mikono imewavimba vipele, na jibu lao lilikuwa kwamba gazeti limesema. Gazeti halikuwaambia kwamba sponji wa kuogea ni wale wa jamii ya Spongia na Hippospongia, ambao kiunzi chao ni nyuzi laini tupu. Wengi wa hapa kwetu wana vijiti vyenye ncha, vingine vya chokaa, vingine vya silika, yaani maada ya kioo. Kumwanika hakuviondoi. Mtalii atajisugua mgongo kwa vioo, halafu tutaambiwa utalii umeshuka kwa sababu ya siasa! Aliyekwisha kuchomwa asijikune: akaushe ngozi, abandike utepe wa gundi, aung'oe ili utoke na vile vijiti, kisha aloweke mahali pale kwenye siki ya kawaida dakika 10 hadi 30.

Na tukiwa bado kwenye kuwashwa, ukurasa wenu wa afya uliwahi kupendekeza mkojo kwa aliyeumwa na konyeza, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi za sumu. Nani huwa anapitisha mambo haya? Seli za sumu hubaki ngozini nyingi hazijafyatuka, na maji yasiyo ya chumvi, mkojo au kusugua mchanga huweza kuzifyatua zilizosalia. Suuza kwa maji ya bahari, toa nyuzi kwa kibano, kisha tumbukiza kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 45 za Selsiasi hivi kwa dakika 20, yasiwe ya kuunguza. Konyeza aliyekufa ufukweni naye huuma.

Turudi kwenye gunia. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, inayolindwa tangu 1968, hakuna kuchukua kitu, sponji wala kombe. Anayetaka biashara hii kwa dhati aende Jambiani, Unguja, akaone akina mama wanavyofuga sponji: vipande hufungwa kwenye kamba zilizoning'inizwa majini, husafishwa mwani mara kwa mara, na huvunwa baada ya miezi mingi. Mama sponji, yule anayetoa vipande vya kupanda, hukatwa chini ya maji kwa kisu kikali, kitako kikiachwa kimeshika mwamba ili aote tena. Aking'olewa mzima, mwamba hubaki mtupu.

Pendekezo langu ni dogo. Mpe mwandishi wako bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 5 za maji ya bahari yaliyotiwa rangi ya chakula, na nauli ya kwenda kwenye kidimbwi cha mwamba maji yakiwa yametulia. Asimguse sponji kwanza, maana akishtuka hupunguza kusukuma. Aachie rangi polepole karibu na ubavu, asiipulize kwa nguvu, angoje kidogo, atazame rangi ikitokea tundu la juu. Asiende wakati Mto Sabaki unamwaga tope, kwa sababu tope huziba vitundu na sponji hupumzisha pampu. Rangi iwe nyekundu; ya kijani itampotea kwenye mwani.

Msomaji wa siku nyingi,
Malindi