Maji ya paa yanaishia barabarani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Dar es Salaam tunaomwagilia bustani kwa maji ya bomba au, mbaya zaidi, ya boza.

Nakaa Goba, kwenye mteremko. Kwa miaka kadhaa maji ya paa langu yalianguka kwenye msingi wa nyumba, yakapita chini ya geti na kuingia njia ya mtaa. Masika moja yalichimba korongo mpaka bajaji zikawa hazipandi. Majirani walilalamika, nami nikalalamika nao, kana kwamba maji yale hayatoki kwangu. Mvua zilipokatika, haukupita mwezi nikaanza kununua maji ya kumwagilia ukoka!

Mwishoni mwa 2022, vuli ilipochelewa na Mto Ruvu ukapungua, tukaingia kwenye mgawo wa maji. Nikaomba maji ya kisima kwa jirani. Chumvi tupu. Ndani ya wiki chache majani ya hoho yalikauka kingo kama yaliyobabuliwa na moto, na juu ya udongo pakatanda unga mweupe. Wenzetu wa visiwa vya Lamu, ambako chumvi ya visima ni habari ya kila siku, wana majabia: sakafu pana ya saruji inayopokea mvua na kuiteremsha kwenye birika. Sisi sakafu hiyo tunayo juu ya vichwa vyetu, imeezekwa bati.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yangu ni mita 8 kwa 10, na nimefunga mfereji upande wa nyuma tu, yaani mita za mraba 40. Mvua ya milimita 20, ambayo kwa masika ya Dar si ya kushangaza, inaniletea lita 800, toa kidogo zinazorukia nje. Mvua tatu za namna hiyo zinatosha kulijaza tangi langu la lita 2,000.

Fundi aliniwekea kitu ambacho sikukijua: kipande cha bomba kilichosimama wima, kimezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua kwa mkono. Maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha kunguru, yanajaa humo kwanza. Yanayofuata ndiyo yanayokwenda tangini. Mvua ikiisha nakifungua na kuyamwaga. Mara ya kwanza nilikuta matope meusi, unyoya na kifuniko cha soda. Kilifikaje juu ya paa, watoto wangu hadi leo wanaapa hawajui.

Tangi limekaa juu ya jukwaa la tofali la mita moja, hivyo mpira wa maji unatiririsha bila pampu. Lakini tahadhari: mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu wa matundu madogo, na mfereji usiachwe na majani yanayotuamisha maji. Mbu wa dengi, aliyetutesa hapa mjini mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji yaliyotulia majumbani, na huuma mchana. Pipa lililo wazi uani ni kumkaribisha.

Tusidanganyane pia kwamba tangi moja litakuvusha kuanzia Juni mpaka Oktoba. Kipande cha ukoka cha mita za mraba 50 kikipewa lita 5 kwa kila mita, kinakunywa lita 250 kwa siku. Tangi langu linakwisha kwa siku nane. Ndiyo maana ukoka nimeung'oa zaidi ya nusu, nikapanda matembele na bamia, nikatandaza nyasi kavu juu ya udongo. Namwagilia jioni, kwa kopo, kwenye shina. Mke wangu alisikitikia ukoka kwa wiki moja hivi, mpaka tulipochuma bamia.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu. Nilipoomba kibali cha kujenga niliulizwa choo kitakaa wapi na karo litakaa wapi. Maji ya paa yataelekea wapi, hakuna aliyeuliza. Mchoro wa nyumba mpya usipitishwe mpaka uonyeshe mifereji na mahali pa tangi, hata kama mwenyewe atanunua tangi baadaye. Kuacha nafasi kwenye mchoro hakuna gharama. Kuja kuvunja kibaraza ili upate pa kuliweka, kama nilivyofanya mimi, kuna gharama.

Upande wa mbele wa paa langu bado unamwaga maji barabarani. Fundi ameahidi kuja Jumamosi kupima mfereji, nami nimeshamwambia jirani wa chini kwamba vuli hii asinihesabu tena kati ya wanaolalamikia korongo.

Mkulima wa uani,
Goba, Dar es Salaam