Mwanangu, Gari Lipeleke kwa Fundi Mapema

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia safari imeiva na kwamba pikapu utaiendesha mwenyewe, ikiwa na mzigo. Ila umesema utalipeleka gari kwa fundi siku moja kabla ya kuondoka, na hapo nakuomba ubadili mpango. Lipeleke wiki mbili kabla. Kifaa kipya chenye kasoro, au klempu (kibanio cha hosi) iliyofungwa vibaya, huwa haichelewi kujionyesha. Heri ikuonyeshe ukiwa karibu na fundi wako kuliko porini usiku. Matengenezo yakiisha, endelea na shughuli zako za kila siku na gari hilohilo, halafu siku moja lipakie mzigo unaokaribia ule wa safari uliendeshe kama saa nzima. Ukirudi, chungulia chini uone kama kuna kinachovuja.

Anza na upoozaji wa injini, kwa kuwa ndio unaoteswa na mzigo na milima. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, funua boneti ubonyeze hosi za rejeta kwa vidole, ya juu na ya chini. Hosi nzima hubonyea ikarudi. Iliyochoka utaikuta ama imekakamaa na ina nyufa karibu na klempu, ama imelegea na kuvimba. Badilisha, usisubiri. Tazama na mpira wa kifuniko cha rejeta. Ukiwa umekatika, mgandamizo haushiki, na maji yatachemka mapema kuliko inavyopaswa. Kifuniko hicho usikiguse injini ikiwa ya moto, hata uwe na haraka ya namna gani. Na maji matupu hayatoshi, weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, inayokubaliwa na kitabu cha gari. Mkanda wa feni ukiwa na nyufa, nunua mpya, na wa zamani uweke nyuma ya kiti kama bado unavutavuta.

Upepo wa tairi pima kabla hujaliendesha, tairi zikiwa baridi. Fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwenye pikapu, tairi za nyuma mara nyingi zina kipimo chake cha safari yenye mzigo. Namba ya upepo iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi lenyewe, siyo kipimo cha gari lako. Hapohapo ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umezeeka.

Tairi la spea ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kwenye pikapu nyingi huning'inia chini ya bodi kwa mnyororo au waya, na tope na kutu vikikolea, kile kishikio hakizunguki tena. Lishushe wiki hii. Lishushe kwa vifaa vilevile utakavyosafiri navyo, siyo vya fundi. Lipime upepo, paka grisi, kisha ulirudishe. Jaribu na jeki pia: je, inanyanyua gari likiwa limepakiwa? Spana ya magurudumu inaingia kwenye nati zote?

Kuhusu breki, fundi atakuonyesha pedi, lakini wewe muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 4 (hii DOT siyo ile ya tairi), yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji ya kutosha ukomo huo unashuka hadi 155 hivi. Kwenye mteremko mrefu wenye mzigo, yakichemka hutoa mvuke na pedali inazama mguuni. Yakipita miaka miwili, yamwagwe. Na huko mteremkoni shuka na gia ndogo, mwanangu, usining'inie kwenye breki.

Mwambie pia akague springi za nyuma kama kuna jani lililopasuka, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na krosi za propela, yaani viungio vya mhimili unaopeleka nguvu nyuma. Propela ikicheza ukiitikisa kwa mkono, krosi zimekwisha. Betri iliyopumzika isome kama volti 12.6. Oili ya injini, ikiwa zamu yake ingefika njiani, imwagwe sasa pamoja na filta.

Uzito ulioandikwa kuwa gari linabeba unahesabu na watu. Vizito viweke chini, karibu na kebini. Nyuma ikididimia, taa za mbele hunyanyuka na kuwapofusha wanaokuja, kwa hiyo zirekebishwe ukiwa umeshapakia. Na kama magurudumu yalifunguliwa, simama baada ya kilomita 80 hivi ukaze nati tena.

Niandikie fundi akishamaliza, unitajie alichokikuta.

Mama yako