Hali ya "kusoma tu" izuie na kipanya

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi nizungumze na vijana wetu wanaoandika programu, na walimu wenzangu wa kompyuta Unguja na Pemba.

Mwezi uliopita, katika skuli ninayosomesha hapa Wete, niliwafungulia wanafunzi seva yetu (kompyuta kuu ya skuli) kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, waone mafaili yanavyokaa. Nilikuwa ndani ya Midnight Commander, programu ya kutazama, kunakili na kufuta mafaili. Nikaiweka teminali katika hali ya kusoma tu, yaani mtu atazame bila kuandika chochote, nikabonyeza herufi mbili tatu, kimya. Nikawaambia, "Njooni mmoja mmoja mtazame, hapa hapaharibiki kitu."

Binti mmoja wa Kidato cha Pili akashika kipanya. Chini ya skrini pana vitufe kumi. Akabofya cha nane, kilichoandikwa Delete. Kikatokea kisanduku chekundu cha kuuliza. Akabofya jibu la kwanza ili kiondoke. Alama za Jiografia zikaenda zake. Mtoto wa watu alilia, na mimi ndiye niliyemwambia hapaharibiki kitu. Siku mbili tulikuwa tukiziingiza upya kutoka kwenye karatasi.

Ile hali ilizuia kibodi peke yake. Programu iliyo ndani ya teminali ikishaomba kupokea kipanya, kila ukibofya hupelekewa maandishi: Esc, kisha [<0;12;40M, yaani kitufe cha kushoto, safuwima ya 12, mstari wa 40. Ukizungusha gurudumu la kipanya, mahali pa ile 0 inakwenda 64 au 65. Kwa programu, huko ni kuandikiwa, sawa na kugonga kibodi. Vipi basi mlango wa mbele utiwe komeo, wa uani uachwe wazi, na juu paandikwe "kusoma tu"?

Teminali yenyewe ndiyo inayotuma. Ikiwa katika hali hiyo, isitume. Lakini tafadhalini, msikizime kipanya chote. Kuchagua maneno ili kuyanakili, na kurudi juu kusoma yaliyopita, hufanyika ndani ya teminali, hakuifikii programu kabisa. Hayo yabaki, tena bila mtu kulazimika kushikilia kitufe cha Shift, kama inavyokuwa programu ikishaomba kipanya.

Walimu wenzangu, hali hiyo ijaribuni kwa kubofya, si kwa kuandika tu. Mimi sasa mbele ya darasa naingia kwa akaunti isiyo na ruhusa ya kufuta chochote.

Mwalimu wa kompyuta,
Wete, Pemba