Kikao cha Alhamisi: siku ya 15 ya Kurukshetra

Ndugu zangu, salaam. Alhamisi saa mbili usiku tunaendelea na Mahabharata, utenzi wa kale wa India, kwenye vita vyake vya siku 18 katika uwanja wa Kurukshetra. Kabla ya mshale wa kwanza pande zote ziliwekeana masharti: aliyesalimu amri, asiye na silaha, hata mpiga ngoma, asiguswe. Lakini siku ya 15 Yudhishthira, mfalme aliyesifika kwa ukweli, alimwambia mwalimu wake Drona, aliyepigana upande wa adui, kwamba Ashvatthama amekufa. Hilo lilikuwa jina la mwana wa Drona, na pia la tembo aliyeuawa; neno "tembo" akalinong'ona tu. Drona akidhani ni mwanawe, akaweka silaha chini, akauawa. Gari la farasi la Yudhishthira, lililokuwa likielea vidole vinne juu ya ardhi kwa sababu ya ukweli wake, likashuka. Hapo mimi huumia kila nisomapo. Someni sehemu hiyo kabla ya kuja, tuanze nayo: je, wajibu wa kuwalinda watu wake ulimruhusu kudanganya hivyo?