Mdogo wangu uliyehamia Mbeya, usifuturu kwa adhana ya Dar

Asalaam alaykum mdogo wangu,

Ramadhani ikukute salama huko Mbeya. Kabla hujaanza kuulizia ndizi za Tukuyu za futari, lishike hili: redio ikiadhini Magharibi ya Dar es Salaam, wewe bado umefunga.

Saa zetu ni moja nchi nzima, ila jua linatangulia kuzama mashariki. Kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4. Dar iko karibu nyuzi 39.3, Mbeya 33.5, kwa hiyo mnapishana dakika 23 hivi. Iringa ni kama 14, Njombe 18, Tunduma 26. Mwanzoni mwa Machi, Dar jua huzama karibu saa 12:42 jioni, Mbeya karibu saa 1:06. Tende uliyoitia mdomoni saa 12:45 umeila mchana.

Al-Baqara aya ya 187 inatuamrisha tutimize saumu mpaka usiku. Na hapo ndipo ilipo funga yenyewe: chakula ni chako, ni halali, hakuna anayekuona, nawe unangoja kwa sababu mpaka kauweka Mwenyezi Mungu.

Jicho nalo usilitegemee sana milimani. Jua likijificha nyuma ya mlima halijazama, na mawingu ya Machi huleta giza mapema. Asmaa binti Abubakar amesimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likaonekana; hadithi hiyo ameipokea Bukhari. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, aliyekosea hivyo hujizuia kula mpaka Magharibi ya kweli, na siku hiyo atailipa baadaye. Kafara hana.

Kuhusu daku, utaambiwa kufuata Dar ni tahadhari. Kwa kuacha kula, funga haiharibiki, ingawa unajinyima bure, maana kuchelewesha daku ni suna. Hatari iko kwenye swala. Ukiswali Alfajiri mara tu Dar wakiadhini, wakati wa Mbeya haujaingia, na swala ya kabla ya wakati haisihi. Watu wengi wanaolinda futari yao vizuri wanateleza hapa.

Kagua na simu. Programu ya nyakati za swala ikishindwa kujua ulipo, inaweza kukuwekea Dar es Salaam kwa kuwa ukanda wa saa ni mmoja. Ingia kwenye mipangilio, chagua Mbeya, kisha linganisha Magharibi yake na ratiba ya msikiti wa mtaani kwako. Zikipishana zaidi ya dakika 2 au 3, fuata msikiti.

Safarini unafuata jua la pale ulipo. Ukila daku Dar, ukaamua kufunga ndani ya basi na jioni ikakukuta Makambako, futuru kwa Magharibi ya Makambako, hata kama abiria wenzako wameshafungua maji kwa adhana ya kwenye simu zao.